Harufu Iliyomrudisha Mama

Wiki iliyopita niliishia pale mama yangu mzazi aliponishika mkono jikoni kwangu, hapa Bariadi, akaniuliza kwa upole, "Dada, mwenye nyumba hii atarudi lini? Nataka nimshukuru, unanipikia vizuri."

Mwenye nyumba ni mimi. Milembe, fundi cherehani, mtoto wake wa pili, niliyemchukua kijijini kwetu Lingeka baada ya yeye kupotea siku nzima akitafuta kisima kilichofukiwa zamani.

Wengi mmenipigia simu. Msomaji mmoja wa Maswa alinishauri nifunge siku saba. Mwingine alitaka kunitumia namba ya mganga wake, nikamjibu vibaya. Nisamehe ndugu yangu, saa ile sindano ilikuwa imenichoma kidole. Lakini mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyeuliza swali la maana.

"Mama yako anamkumbuka kaka yako Mashimba. Anamkumbuka katekista. Hata mume wako Kristofa anamtaja kwa jina. Iweje wewe tu ndiye asikujue?"

Mwalimu, umenishika pabaya. Kwa wiki tano nimesimulia mkasa huu nikilizunguka shimo hilo. Leo naingia ndani yake.

Mama alinilaani.

Ni miaka kumi na miwili sasa. Alisimama mbele yangu, nyuma ya ghala letu kule Lingeka, akaniambia, "Siku utakayonihitaji, nisikujue." Kwa nini alisema hivyo nitawaambia, ila nipeni nafasi kwanza nipumue.

Kwetu laana ya mzazi haiondolewi na padri wala na mzee wa ukoo. Anaiondoa aliyeitoa. Anachukua maji mdomoni, anakupulizia kifuani, anatamka mwenyewe kwamba amefuta. Lakini lazima ajue anafuta nini, na anamfutia nani. Mama yangu angefuta nini, naye hakumbuki hata kama alizaa msichana?

Ndiyo sababu nilitaka kumbukumbu zake zirudi. Mlidhani ni mapenzi matupu. Mapenzi yalikuwepo, Mungu ni shahidi, lakini woga ulikuwa mwingi kuliko mapenzi.

Daktari Harieth, anayemtibu mama, ni mtu wa Bukoba, aliyeletwa huku na uhamisho. Anaongea polepole na hakudanganyi hata ukimwomba.

"Daktari, ina maana hakuna kitu kabisa?" nilimuuliza.

"Kuna vidonge, na tumeshavianza. Kwa baadhi ya watu vinasaidia kidogo. Kuponya, hapana."

"Nimesoma kwenye simu habari za mafuta ya mimea. Yale ya kunusa."

Alivua miwani. "Rozmari, lavenda, mchaichai. Ni kweli watafiti wanayachunguza. Wengine wamejaribu kwa panya, wengine wamewanusisha wazee wachache. Wapo walioona dalili nzuri, wapo walioambulia patupu. Hakuna anayeweza kukuambia leo kwamba hiyo ni dawa."

"Lakini hayadhuru?"

"Asiyanywe, na yasimwingie machoni. Matone mawili kwenye pamba, akae nayo karibu. Yakimtuliza tu, hiyo nayo ni faida. Lakini Milembe, sikiliza..."

Sikusikiliza. Mtu aliyefungiwa mlango akiambiwa kuna dirisha, anaanza kukunja sketi.

Mafuta ya rozmari yalitoka Mwanza kwa basi, kichupa kidogo cha kioo. Pamba huku kwetu si jambo la kutafuta. Nilichambua ya shambani kwa mkono, nikatoa mbegu, nikadondosha matone mawili, nikamwekea mama begani asubuhi na jioni.

Unajua alifanya nini siku ya kwanza? Aliichukua ile pamba, akaitazama huku na huku, akaniambia, "Hii safi. Ile uliyoweka pale ni fifi. Usichanganye, watakukatalia kwenye mzani."

Nilicheka, kisha nikaenda chooni kulia. Mama anakumbuka madaraja ya pamba, mimi hanikumbuki.

Wiki tatu zikapita. Alilala vizuri, sikatai. Aliacha kufunga mizigo kila jioni akidai anarudi Lingeka. Siku moja aliimba wimbo mzima wa kwaya, beti zote. Lakini mimi nilibaki "dada."

Kichupa cha pili kikafika kimepasuka. Mzigo ulikuwa umebanwa na mabegi ndani ya basi, nusu ya mafuta yamemwagika kwenye boksi. Mume wangu Kristofa ni fundi wa mabomba ya kupulizia dawa mashambani, na karakana yake ni uani kwetu.

"Lete hapa," akasema. "Nitayahamisha kabla hayajaisha."

Alirudi na kichupa cheupe cha plastiki, hakina karatasi, kifuniko kizima. Nikamwambia ahsante mume wangu. Nilikuwa na mafua ya vumbi wiki ile, pua zote mbili zimeziba. Nilijua nimeshika rozmari kwa sababu niliambiwa ni rozmari.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa barazani akipepeta choroko. Nikadondosha matone mawili, nikamwekea pamba begani, nikarudi kwenye cherehani.

Ungo ukanyamaza.

Nilipogeuka, mama alikuwa ameishika ile pamba karibu na pua. Alinusa mara moja tu, akaitupa chini.

"Wamekufa wangapi?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Ndama. Wamekufa wangapi, Milembe?"

Ndugu zangu, nilipiga magoti juu ya choroko. Alikuwa amenitaja jina! Miezi mingapi nimeitwa dada, binti, we mama wa jikoni, na leo Milembe. Nilimkumbatia miguu kama mtoto mdogo.

"Mayu, ni mimi. Umenijua?"

"Nikujue mara ngapi? Nimekuuliza ndama."

Furaha yote ikanitoka. Nikajua mama amerudi, na nikajua amerudi wapi.

"Wanne," nikasema.

"Na Hilaria wamemfanya nini?"

Sasa nimefika penyewe, siwezi kuzunguka tena.

Nilikuwa na miaka ishirini. Ulikuwa msimu wa kupulizia pamba. Marehemu baba yangu, mzee Mboje, alikwenda mnadani akaniachia kazi ya kuwanywesha ndama dawa ya minyoo. Wafugaji mnajua inavyofanyika: unamshika ndama taya, unamwinua kichwa, unammiminia kwa chupa pembeni mwa mdomo. Chupa yetu ya kazi hiyo ilikuwa imevunjika.

Nikachukua chupa tupu ya dawa ya kuua wadudu wa pamba iliyokuwa chini ya ghala. Niliiosha. Naapa niliiosha, mara tatu, kwa majivu. Mtu wa mkoa mwingine atashangaa, mkulima wa pamba hatashangaa. Nyumba ngapi huku chupa zile zimewekewa mafuta ya taa, zimewekewa chumvi, hata asali? Unaosha, unaendelea na maisha.

Saa kumi jioni ndama wanne walikuwa chini, mapovu mdomoni.

Asubuhi ya siku ileile jirani yetu Hilaria, mjane asiye na mtoto, alikuwa amepita zizini. Aliegemea boma akasema, "Ndama wenu wamenawiri kweli." Ni hayo tu aliyosema. Lakini ndama walipokufa, maneno yale yaligeuka kesi. Kabla ya giza vijana walikuwa wanarusha mawe kwenye bati lake na kumwita mchawi. Kesho yake aliondoka na jamvi na sufuria moja, akaenda Bukundi kwa mtoto wa dada yake.

Nami nilisimama pale natazama, nimefunga mdomo.

Mama aliiona chupa. Mama yangu alikuwa na pua ambayo haikudanganyika, angeweza kukuambia maziwa yatachacha kesho. Aliinusa chupa, akanishika mikono, akainusa.

"Nenda ukaseme mbele ya wazee," aliniambia. "Leo hii, kabla mwanamke wa watu hajafika mbali."

"Sijui chochote, mayu."

Posa ya Kristofa ilikuwa njiani. Nani angemwoa msichana aliyeua ndama wanne wa baba yake? Nilikana mara ya pili, nikakana na ya tatu. Ndipo akasema, "Kama umeweza kujifanya humjui Hilaria, basi siku utakayonihitaji, na mimi nisikujue."

Hakunisema kwa mtu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alinifichia siri na kunilaani kwa wakati mmoja, na mwezi wa tano niliolewa kwa shangwe na vigelegele.

Kwa hiyo mama alipoanza kusahau watu, akaanza na mimi, madaktari walisema ni ugonjwa wa ubongo. Mimi nilijua jina lake jingine.

Turudi barazani.

"Alihamia Bukundi, mayu," nikamjibu. "Yuko huko mpaka leo."

Mama alinitazama. Macho yake yalikuwa makali, yaleyale ya zamani. Nilikimbia ndani nikaleta kikombe cha maji, nikafungua kifungo cha blauzi.

"Nipulizie, mayu. Nimekosa. Nakuomba nifutie."

Akapokea kikombe. Akapiga funda. Mashavu yakajaa, nami nikafumba macho nikisubiri ubaridi kifuani.

Nilisikia maji yakitua chini, kwenye vumbi.

"Nikikufutia wewe leo," mama akasema, "nani atamfutia Hilaria? Mlete. Akae hapa nilipo mimi. Mwite na Mashimba. Utasema lako mbele yao, nami nitasema langu, maana nilinyamaza. Baada ya hapo ndipo uniletee maji."

"Nitamleta. Nitawaleta wote."

"Fanya haraka, ng'wana wane. Kichwa changu siku hizi si changu."

Aliniita mwanangu. Niliingia jikoni kuinjika ugali huku machozi yanaingia kwenye sufuria. Maji hayajachemka, nikasikia sauti kutoka barazani.

"Dada! Nani amemwaga choroko hizi zote?"

Ameshaondoka.

Sikukata tamaa, kwa nini nikate? Dawa nilikuwa nayo! Niliiokota ile pamba, nikaifunga kwenye leso, nikapanda bodaboda mpaka kwa Daktari Harieth. Nilimkuta zamu. Niliingia nacheka kama mtu aliyelewa.

"Daktari, mafuta yamefanya kazi! Amenitaja jina, amekumbuka mambo ya miaka kumi na miwili!"

Akaipokea pamba akitabasamu, akaipeleka puani. Akaitoa haraka.

"Milembe, hii si rozmari peke yake. Mmeweka nini humu?"

"Hakuna. Ni mafuta tu."

"Yalikuwa kwenye chupa gani?"

Nilimpigia Kristofa, nikafungua spika daktari asikie. Nilimuuliza ile chupa nyeupe ilikuwa ya nini.

"Ya dawa ya pamba," akajibu, nyuma yake nyundo inagonga. "Lakini usiwe na wasiwasi mke wangu, niliiosha. Mara tatu, kwa majivu."

Nilikaa sakafuni. Muuguzi alidhani nimezimia, akaleta maji. Wallahi nilisikia sauti ya Mungu ikinisomea maneno yangu mwenyewe kwa mdomo wa mume wangu, ambaye hajui lolote.

"Mlete mama sasa hivi," daktari akasema.

Alimpima kifua, mapigo, macho. Akamwosha bega kwa sabuni na nguo akabadilishiwa. Saa mbili nzima nilikuwa nje nauma kona ya kitenge.

"Safari hii amepona," aliniambia alipotoka. "Lakini kifua chake kinapiga filimbi, na ana miaka sabini na sita. Hiyo chupa ifukie mbali na kisima, leo hii. Pamba nitaiharibu mimi."

"Na kukumbuka, daktari? Kulitoka wapi?"

Alifikiri kabla ya kujibu. "Pua ina njia yake ya mkato kwenda kwenye kumbukumbu. Harufu moja inaweza kufungua chumba ambacho maneno yanagonga bila kujibiwa. Sidhani ni rozmari iliyomwamsha. Nadhani ni ile nyingine. Mama yako aliwahi kuinusa siku ambayo hataisahau?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Kwa hiyo akiinusa tena..."

"Asiinuse tena!" Sijawahi kumsikia Daktari Harieth akipandisha sauti. "Hiyo ni sumu, Milembe. Haina dozi ya kujaribu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Jioni alinipigia kuniuliza kama nimeifukia. Nikasema nimeifukia.

Nimewaahidi kusema ukweli, basi huu hapa. Niliifunga kwenye nailoni tatu, nikaiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo vya sare za shule.

Nikampigia kaka Mashimba, Lingeka. Nilimwambia kila kitu: chupa, ndama, uongo wangu.

"Umechanganyikiwa," akasema. "Kukaa na mgonjwa kumekuchosha."

"Kaka, ni kweli tupu."

"Milembe, mimi ndiye niliyerusha jiwe la kwanza. Unanielewa? La kwanza! Halafu leo uniambie yule bibi hakuwa na kosa? Mama aseme mwenyewe. Akisema mama, nitapiga magoti. Wewe, sikuamini."

Hapo ndipo nilipoanza kuona ukubwa wa shimo nililochimba. Mwongo akija kusema kweli, hana wa kumwazima masikio.

Jumanne nikaenda Bukundi. Nilimkuta Hilaria akianika mahindi kwenye turubai, amekonda, mgongo umepinda kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kujitambulisha.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila." Aliinua uso mara moja tu. "Wewe ni Milembe wa Mboje. Mama yako hajambo?"

Miaka kumi na miwili, naye alinijua kabla sijakaa. Nilikaa. Nilisema yote bila kupumzika, na yeye aliendelea kugeuza mahindi. Nilipomaliza alijifuta mikono.

"Nilijua si mimi," akasema. "Hilo lilinitosha mwaka wa kwanza. Kisha watoto wa hapa nao wakaanza kufundishwa kunikimbia. Habari zilinifuata. Nikipita njiani, mama anamvuta mwanawe. Hapo haikunitosha tena."

"Nisamehe, mayu."

"Msamaha wako nitaupeleka wapi? Nikiwaambia hapa kwamba Milembe amekuja kukiri, watasema nimekuroga ukaja." Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Lakini mama yako Nyanjige akisema, Lingeka yote itasikia. Nyanjige hakuwahi kusema uongo. Je, anaweza kusema?"

Ningepaswa kumjibu kwamba mama hajui hata leo ni siku gani.

"Anaweza," nikasema.

Mmeona? Hata siku ya kutubu nimesema uongo. Hilaria akavaa gauni lake la kanisani, tukapanda pikipiki, kisha basi. Njiani hakuniongelesha ila mara moja, aliponiuliza kama Nyanjige bado anapenda ugoro. Nikamwambia aliacha.

Mashimba alifika Jumatano kabla ya saa sita. Aliingia sebuleni, akamwona Hilaria kwenye kochi, akabaki amesimama. Hakumsalimu. Kristofa alikaa kwenye kigoda mlangoni, kwa heshima ya mama mkwe, uso wake umejaa maswali. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba kuna kikao cha familia.

Mama nilimkalisha katikati, nimemvalisha kanga mpya. Begani nilimwekea pamba safi yenye rozmari safi, kutoka kichupa cha kioo nilichoagiza upya. Niliomba Mungu wale watafiti walioona dalili nzuri wawe sahihi, walau kwa siku hii moja.

"Mayu," nikamwambia, "umemwona nani huyu?"

Mama akamtazama Hilaria, akatabasamu tabasamu la wageni.

"Karibu, mama. Umetoka mbali? Dada, mletee mgeni uji."

Hilaria aliinamisha kichwa.

Nikasema mwenyewe basi. Nilisimama mbele ya mume wangu, mbele ya kaka yangu, mbele ya mwanamke niliyemharibia maisha, nikasimulia chupa, mapovu, mawe. Sikujipunguzia hata neno. Kristofa alinyanyuka nusu, akakaa tena. Nilimwona akihesabu moyoni: chupa, majivu, mara tatu. Akajishika kichwa.

"Mama," Mashimba akasema, sauti inatetemeka, "ni kweli? Sema wewe. Ndama wale aliwaua nani?"

"Ndama gani, baba?"

"Wa mzee Mboje! Wanne!"

"Mboje hajarudi mnadani," mama akasema. "Akirudi muulize mwenyewe."

Kaka akanigeukia. Alikuwa na machozi, na ndani ya machozi yale niliona nafuu. Ndiyo, nafuu. Jiwe lake lilikuwa limebaki na haki.

"Umeona?" akasema. "Unatuletea mchawi sebuleni kwa ndoto zako."

Neno lile lilipotoka, Hilaria alisimama. Alijifunga kanga yake vizuri kiunoni, akachukua mfuko wake.

"Nilikuwa na miaka sitini waliponifukuza," aliniambia. "Sasa nina sabini na mbili. Sitakuja tena, Milembe. Nyanjige akikumbuka, mwambie nilifika."

"Subiri, mayu! Dakika moja tu!"

Miguu yangu ndiyo iliyonipeleka kwenye cherehani, si akili. Nilivuta droo. Vifungo vikamwagika sakafuni. Nailoni ya kwanza, nailoni ya pili. Kichwani nilimsikia Daktari Harieth, *hiyo ni sumu, Milembe*, na masikioni nilisikia ndara za Hilaria zikivuka kizingiti.

Nikabaki na nailoni ya mwisho. Nilimwangalia mama yangu, kile kifua chembamba kinachopiga filimbi, ule mkono ulionishika jikoni ukitaka kumshukuru mwenye nyumba. Tone moja, atasema, na jina la mwanamke yule litasafishwa. Tone moja, nami nitapuliziwa maji. Tone moja, na pengine nitamzika.

"Hapana," nikasema kwa sauti. Naapa nilisema hapana. Nikaanza kuirudisha ile chupa kwenye droo.

Nyuma yangu kiti kikalia. Mama alikuwa amesimama mwenyewe, pua zimetanuka, kichwa kimegeukia upande wangu. Nailoni haikuwa imeizuia ile harufu yote.

Akaja hatua mbili, akanyoosha mkono.

"Hicho ulichoficha," akasema, "nipe nikinuse."